Simu mkononi, akili njiapanda

Chukua karatasi, kalamu na saa inayohesabu sekunde. Andika neno JUMAMOSI, kisha chini yake andika namba 1 mpaka 8. Tazama umetumia sekunde ngapi. Sasa rudia kazi ileile kwa kuchanganya: andika J na chini yake 1, andika U na chini yake 2, andika M na chini yake 3, uende hivyo mpaka mwisho. Herufi ni zilezile nane, namba ni zilezile nane, mkono ni uleule. Lakini ukitazama saa utakuta mara ya pili imekula muda mrefu zaidi, na pengine katikati ulisita ukijiuliza umefika herufi gani.

Kusita huko ndiko kunakozungumzwa katika makala haya. Mwaka 1927 mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Jersild, aliwapa watu orodha za hesabu. Baadhi ya orodha zilitaka kitendo kimoja tu tangu mwanzo mpaka mwisho. Nyingine zilitaka wabadilishe kila hatua, mara kujumlisha, mara kutoa. Orodha za kubadilisha zilichukua muda mrefu zaidi. Wakati huo hapakuwa na televisheni sebuleni wala simu mfukoni. Wanasaikolojia waliomfuata wamelirudia jaribio hilo kwa namna nyingi, na jibu limebaki palepale: akili ikiondolewa kwenye kazi moja na kupelekwa kwenye nyingine huchelewa, na mara tu baada ya kuhama hukosea zaidi.

Fundi cherehani analijua jambo hili bila kusoma saikolojia. Akipewa sare nyeupe za shule na suti nyeusi kwa siku moja, na cherehani ni moja, atamaliza sare zote kwanza ndipo ashike suti. Hivyo atabadilisha uzi mara moja. Akishona mshono mmoja huku na mmoja kule, atashinda anabadilisha uzi. Tofauti ni kwamba fundi anauona uzi wake. Anayehama kutoka kwenye barua ya ofisi kwenda kwenye WhatsApp na kurudi haoni kitu, ndiyo maana anadhani hajapoteza kitu.

Sebule ya saa mbili usiku

Saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari, nyumba nyingi za mjini hufanana. Televisheni imewashwa na mtangazaji anasoma habari kuu. Baba mwenye nyumba amekaa mbele yake, lakini macho yako kwenye simu: grupu la kamati ya harusi limechangamka, mweka hazina anawataja walioahidi na hawajatoa. Mama anasikiliza ujumbe wa sauti wa dada yake huku akiwajibu wateja wa vitenge. Binti wa kidato cha tatu ana daftari la hesabu mapajani na spika ya masikioni upande mmoja, na kila akimaliza swali anaperuzi video mbili tatu. Muulize baba habari ya kwanza ilihusu nini. Atakujibu, "Walikuwa wanaongelea mambo ya bajeti," kisha atanyamaza.

Wote wangeapa kwamba wanafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Ni kweli kwamba macho yanaweza kuona na masikio yakasikia kwa pamoja, lakini kazi ya kuchagua, kupima na kuamua huenda kwa zamu. Baba anaruka kutoka kwenye habari kwenda kwenye michango na kurudi, na kila anaporuka, kipande cha upande wa pili kinampita. Mtangazaji hamsubiri.

Kuruka huko hutokea mara nyingi kuliko tunavyodhani. Larry Rosen na wenzake wa California, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliwatazama wanafunzi 263, wadogo kwa wakubwa mpaka wa chuo kikuu, wakiwa mahali wanapojisomea. Waliwatazama kwa dakika 15 tu. Kwa wastani wanafunzi hao hawakufikisha hata dakika sita kabla ya kuiacha kazi na kushika kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho kilikuwa simu, mtandao wa kijamii au televisheni.

Watu wazima hawana cha kuwacheka. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Irvine amekuwa akiwafuatilia wafanyakazi wa ofisi kwa miaka mingi. Mwaka 2004 alikuta mtu hudumu kwenye skrini moja kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia kwingine. Kufikia mwaka 2012 muda huo ulikuwa umeshuka hadi sekunde 75. Katika vipimo vya miaka ya karibuni, anavyoeleza kwenye kitabu chake cha mwaka 2023, ni kama sekunde 47.

Kilichoonekana Stanford

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba anayechanganya vyombo kila siku, yaani televisheni, muziki, ujumbe mfupi na kompyuta kwa pamoja, huwa hodari kwa mazoezi. Mwaka 2009, mwaka uleule WhatsApp ilipoanzishwa, Eyal Ophir, Clifford Nass na Anthony Wagner wa Chuo Kikuu cha Stanford waliamua kulipima dai hilo. Waliwapa wanafunzi 262 dodoso kuhusu aina 12 za vyombo: wanatumia kipi, kwa muda gani, na pamoja na kipi kingine. Kisha wakawachukua wanaochanganya mno na wanaochanganya kidogo sana, wakawaweka kwenye vipimo.

Kipimo kimoja kinafaa kuelezwa kwa kirefu. Kwenye skrini palitokea vistatili viwili vyekundu vikiwa katikati ya vingine vya bluu. Picha ilionekana kwa sehemu ya kumi ya sekunde, ikatoweka, kisha ikarudi. Kazi ilikuwa kusema kama kistatili chekundu kimojawapo kimegeuzwa. Vya bluu havikuhusika kabisa, na washiriki waliambiwa wavipuuze. Wale wanaochanganya kidogo hawakubabaika. Vya bluu viwe viwili, vinne au sita, matokeo yao hayakubadilika. Wachanganyaji wakubwa walizidi kuboronga kadiri vya bluu vilivyoongezeka. Walishindwa kuacha kisichowahusu.

Kipimo kingine kiliwapa namba na herufi pamoja, mfano 2b. Mara waliulizwa kama namba ni witiri au shufwa, mara kama herufi ni irabu au konsonanti. Hapa ndipo wachanganyaji wakubwa walipotarajiwa kung'ara, kwa sababu kuhama ndiyo kazi yao ya kutwa. Walichelewa kuliko wenzao.

Miaka 11 baadaye, Oktoba 2020, jarida la Nature lilichapisha utafiti mwingine kutoka Stanford uliohusu kumbukumbu. Kevin Madore na wenzake waliwachukua vijana 80 wa umri wa miaka 18 hadi 26, wakawaonyesha picha za vitu, kisha baadaye wakawapima wanakumbuka nini. Vijana walipokuwa wakijaribu kukumbuka, watafiti walipima upana wa mboni za macho yao na mawimbi ya umeme wa ubongo, alama zinazoonyesha kama akili ipo au imezubaa. Walioonekana kuzubaa sekunde ile kabla ya kuulizwa ndio waliosahau zaidi. Na wanaochanganya vyombo zaidi walikuwa na dalili zaidi za kuzubaa, na walikumbuka machache.

Tusiongeze chumvi

Matokeo ya mwaka 2009 yalienea haraka, na katika kuenea yakaongezwa chumvi. Likazuka dai kwamba simu zinaozesha ubongo wa kizazi kizima. Sayansi yenyewe haijasema hivyo.

Mwaka 2013 Reem Alzahabi na Mark Becker wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walirudia kipimo cha kuhama, wakakuta kinyume: wachanganyaji wakubwa hawakuchelewa, tena walihama upesi kuliko wenzao. Mwaka 2017 Wisnu Wiradhany na Mark Nieuwenstein wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, walirudia majaribio ya Stanford na kujumuisha matokeo ya tafiti nyingine zilizokwishafanywa. Walikuta uhusiano upo ila ni mdogo, na walipoondoa upotoshaji unaoletwa na tafiti zenye washiriki wachache, hawakuweza tena kusema kwa uhakika kwamba upo. Mwaka 2018 Wagner mwenyewe, akiwa na Melina Uncapher, alipitia tafiti zote za karibu muongo mmoja. Takriban nusu zilionyesha wachanganyaji wakubwa wakiwa nyuma katika umakini au kumbukumbu ya muda mfupi, na nusu nyingine hazikuona tofauti.

Kuna pia suala la kipi kilitangulia. Huenda kuchanganya kunaharibu umakini. Huenda pia mtu ambaye tangu utotoni hatulii ndiye anayevutwa na skrini tatu kwa mpigo. Dodoso haliwezi kutenganisha mambo hayo mawili.

Kwa hiyo mzazi anayemwambia mwanawe "simu imekuharibu ubongo" anasema jambo ambalo bado linabishaniwa. Anayemwambia "hesabu hizi utazikosea ukizifanya huku unachati" anasema jambo ambalo halina ubishi tena. Mazoea ya muda mrefu ni swali moja, na kazi iliyo mbele yako sasa hivi ni swali jingine. Hilo la pili limeshajibiwa, darasani na barabarani.

Darasani, na jirani naye analipa

Mwaka 2013 watafiti wa Kanada, Faria Sana, Tina Weston na Nicholas Cepeda, waliwaketisha wanafunzi wa chuo kikuu kwenye mhadhara wa dakika 45 kuhusu hali ya hewa. Wote waliandika maelezo kwa kompyuta mpakato. Nusu yao walipewa pia kazi ndogondogo za mtandaoni za kufanya katikati ya mhadhara, zile ambazo wanafunzi hujifanyia wenyewe kila siku. Kwenye mtihani, waliochanganya walipata alama pungufu kwa asilimia 11.

Jaribio la pili lilikuwa na funzo zaidi. Safari hii wanafunzi waliopimwa waliandika kwa kalamu na karatasi, hawakugusa kompyuta. Baadhi waliketishwa mahali ambapo mbele yao kulikuwa na skrini ya mwenzao anayeperuzi. Hao walipata alama pungufu kwa asilimia 17 kuliko wenzao walioketi bila skrini machoni. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka; hapa inamponyoka hata jirani aliyeshika moja.

Kwenye kumbi za mihadhara za vyuo vyetu suala hili lina sura yake. Grupu la darasa ndilo linalopitisha maelezo ya somo, ratiba za mitihani na taarifa za mikopo. Mwanafunzi anayefungua simu kutafuta faili la mhadhara wa leo anakutana kwanza na ujumbe mwingi wa mambo mengine, na akimaliza kuupitia, mhadhiri yuko mbali. Kumwambia azime simu ni kumwambia akose na faili pia. Lakini faili hilo lingeweza kutumwa jana yake, na grupu la matangazo likatengwa na grupu la maongezi. Hayo ni mambo ambayo kiongozi wa darasa anaweza kuyapanga kwa dakika chache.

Wanaosoma huku wakisikiliza muziki nao wana jibu. Majaribio ya usomaji yanaonyesha kwamba nyimbo zenye maneno husumbua kuelewa kuliko muziki usio na maneno. Sababu ni wazi: anayesoma ukurasa wa maneno huku anasikia maneno ya wimbo ana lugha mbili kichwani zinazogombea nafasi moja. Bongo Fleva inafaa wakati wa kufua.

Kibandani kwa wakala

Ushauri mwingi kuhusu simu hutoka kwenye nchi ambazo mtu anaweza kuiweka simu kabatini akaendelea kuishi. Kwetu simu ndiyo benki, ndiyo duka, ndiyo ofisi. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, watu wengi mjini na vijijini wanaendesha maisha kwenye kioo kilekile kinachowaletea umbea.

Msimamie wakala wa pesa kwenye kibanda chake saa kumi na moja jioni. Mezani pana simu tatu au nne, kila moja na mtandao wake, na daftari la miamala. Mteja wa kwanza anatoa pesa, anataja kiasi. Wa pili anataka kumtumia mtu, anaanza kutaja namba: "sifuri saba tano nne..." Simu ya wakala mwenyewe inaita, ni mwalimu wa mtoto. Anaipokea, anaibana kwa bega, anamwashiria mteja aendelee. Mteja anaendelea, "...mbili mbili nane..." Wakala anabonyeza. Namba tisa kati ya kumi ni sahihi. Pesa inaingia kwa mtu asiyejulikana, na kazi inayofuata ni kupiga huduma kwa wateja, kuomba muamala urudishwe na kusali mpokeaji awe hajaitoa.

Wakala huyo hata asingeipokea simu ile, bado angekuwa kwenye hatari. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida waliwapa watu kazi ya kompyuta inayohitaji umakini, kisha wakapiga simu au kutuma ujumbe kwenye simu za baadhi yao wakiwa katikati ya kazi. Hakuna aliyegusa simu. Mlio au mtetemo peke yake ulitosha kuongeza makosa. Kwa anayesikia, mlio ni swali: nani, na anataka nini? Akili huanza kulijibu kabla ya mkono kusogea.

Na hata baada ya kukata simu, mambo hayajaisha. Sophie Leroy, katika utafiti wa mwaka 2009, alionyesha kwamba mtu aliyeiacha kazi ya kwanza bila kuimaliza huingia kwenye ya pili akiwa bado amebaki kiasi kule alikotoka, na ufanisi wake hupungua. Wakala anabonyeza namba huku nusu ya mawazo yake iko shuleni kwa mtoto.

Wapo wanaojitetea kwamba wakikatizwa hufanya kazi haraka zaidi. Wana ukweli kiasi. Gloria Mark alilipima hilo mwaka 2008 na kukuta kwamba waliokatizwa walimaliza kazi mapema kuliko ambao hawakukatizwa, kwa kuwa walifidia kwa kukimbia. Walimaliza wakiwa na msongo zaidi, wametumia nguvu zaidi na kuudhika zaidi. Anayerudi nyumbani kila jioni hoi bila kuona kazi aliyoifanya atakuwa ameelewa.

Barabarani hakuna kurudia

Darasani ukikosea unarudia mtihani. Kibandani ukikosea unaomba pesa irudi. Barabarani hakuna pa kuomba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya ajali takriban mara nne kuliko asiyetumia.

Dereva wa bodaboda aliyechomeka simu kati ya kofia ngumu na sikio, mikono yote ikiwa kwenye usukani, anaamini amelitatua tatizo. Mwenye gari anayeongea kupitia spika anaamini hivyo pia, na sheria za nchi nyingi zinakubaliana naye. David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah alianza kuipima imani hiyo zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mwaka 2001 yeye na William Johnston waliwaweka watu kwenye jaribio la kuiga uendeshaji. Walioongea na simu walipitwa na taa nyekundu mara mbili zaidi, na walizoziona walichelewa kuziitikia. Hapakuwa na tofauti kati ya walioshika simu na walioongea bila kuishika.

Sababu ilidhihirika miaka miwili baadaye, walipopima madereva wanatazama wapi. Macho ya aliyekuwa akiongea yalitua juu ya vitu vilivyo kando ya barabara kama ya mwingine yeyote. Lakini alipoulizwa baadaye ameona nini, alivikumbuka vichache zaidi. Alivitazama bila kuviona. Mwaka 2006 kundi hilohilo lililinganisha waongeaji na madereva waliokunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.08 kwenye damu, kiwango ambacho kwa sheria za majimbo ya Marekani ni ulevi. Walevi walikuwa na makosa yao ya kukaribia gari la mbele na kukanyaga breki kwa nguvu. Waongeaji walikuwa wazito kuitikia, na ndio waliogonga gari la mbele mara nyingi zaidi.

Mtu atauliza: mbona tunaongea na abiria na hakuna neno? Hilo nalo limepimwa. Mwaka 2008 kundi la Utah liligundua kwamba abiria aliye ndani ya gari anaiona barabara. Lori likiingia ghafla ananyamaza, au anasema "angalia hapo." Aliye upande wa pili wa simu haoni lori. Anaendelea kuuliza saruji imefika mifuko mingapi.

Wanaojiamini zaidi

Kuna watu wachache ambao kweli wanaweza. Mwaka 2010 Strayer na Jason Watson waliwapima watu 200 wakiendesha huku wakifanya hesabu na kukumbuka maneno kwa simu. Watu watano, yaani asilimia 2.5, hawakupungukiwa na chochote. Kila msomaji wa takwimu hiyo hujihesabu miongoni mwa watano hao.

Mwaka 2013 watafiti wa Utah waliwauliza wanafunzi 310 wajipime wenyewe kwa uwezo wa kufanya mawili kwa pamoja. Asilimia 70 walijiweka juu ya wastani, jambo gumu kuaminika. Kisha wakapimwa uwezo wenyewe. Waliokuwa wakichanganya zaidi katika maisha yao, pamoja na kuongea na simu wakiendesha, walikuwa wale wenye uwezo mdogo zaidi wa kuchanganya. Wenye uwezo mkubwa walipendelea kufanya moja moja. Kujiamini katika jambo hili hakuthibitishi kitu. Ukisikia mtu anasema "mimi nimezoea," hiyo ni taarifa kuhusu mazoea yake tu.

Si kila kuchanganya ni kubaya

Mama anayepepeta mchele huku redio inaongea hapotezi kitu. Mkono umezoea kazi hiyo kiasi kwamba haihitaji kuamuliwa, na akili iko huru kusikiliza. Ndivyo ilivyo kwa anayepiga pasi, anayelima kwa jembe, anayetembea njia aijuayo. Redio imekaa kwenye majiko na mashamba yetu miongo mingi bila kuharibu ugali wala mahindi. Wakati mwingine sauti hiyo ndiyo inayomzuia mtu asilale kwenye kazi inayochosha kwa urahisi wake.

Mpaka uko hapa: kazi mbili zikihitaji kuamua kwa pamoja, au zikigombea lugha, moja italegea. Kupepeta na redio, sawa. Kupepeta na kuchati, mchele utabaki na mawe. Kuandika ripoti na taarifa ya habari, kimojawapo kitakuwa kelele tu.

Tufanyeje

Kuzima simu kabisa si dawa kwa wengi wetu, na utafiti unakubali. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika India, ambapo arifa za simu za baadhi ya watu zilikusanywa na kuletwa kwa mafungu, mara tatu kwa siku. Hao walijisikia watulivu, makini na wenye kutawala siku yao zaidi kuliko walioletewa arifa kila zilipoingia. Lakini waliozimiwa arifa zote hawakupata nafuu hiyo. Waliongezewa wasiwasi wa kupitwa na jambo. Kabla ya hapo, mwaka 2015, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Kanada walikuta kwamba waliofungua baruapepe mara tatu tu kwa siku walipungukiwa na msongo.

Somo ni kupanga mafungu. Magrupu yote yanyamazishwe, na mzazi, mwenza, mwalimu wa mtoto na bosi wapewe mlio wao. Ujumbe usomwe kwa nyakati maalumu, kwa mfano saa nne asubuhi, saa saba mchana na jioni. Wakala awe na simu ya biashara na simu ya nyumbani, na ya nyumbani ikae kimya muda ambao mteja anataja namba. Dakika moja haimdhuru mwalimu. Mwanafunzi aweke simu chumba kingine kwa nusu saa, kisha ajipe dakika tano za kuperuzi. Nusu saa haimshindi mtu.

Waajiri nao wana sehemu yao. Bosi anayetuma maelekezo kwenye grupu kila baada ya dakika kumi, na kukasirika akiona tiki mbili za bluu bila jibu, ndiye anayewafanya watu wake wahame kutwa nzima. Ofisi ikubaliane kwamba la haraka linapigiwa simu, na lililoandikwa linajibiwa likifikiwa. Hapo mtu atapata saa mbili za kazi ya maana bila kuongezewa mshahara wala kompyuta.

La mwisho ni letu sote, hata wasioendesha. Kampeni za usalama barabarani humlenga dereva, na ni haki yake kulengwa, lakini kila dereva anayeongea na simu ana mtu upande wa pili. Ukimpigia mtu akakwambia yuko barabarani, usimwambie "nakuchukulia dakika moja tu." Mwambie akifika apige, kisha kata wewe.